Uzi: Kumwinda kulungu wa Texas kwenye ranchi kame na tupu, kwa mtu aliyezoea miombo ya Rufiji

MsasiWaUpanga ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mwaka juzi mjumbe mmoja aliuliza humu kwamba mtu aliyejifunzia uwindaji kwenye miombo atafanyaje akipelekwa kwenye nchi tupu isiyo na hata mti wa kujibanza, na mimi nikamjibu kwa kejeli kwamba mnyama ni mnyama na risasi ni risasi. Leo ninaifuta kauli hiyo, na kwa kuwa nimekwishaona kwa macho yangu, nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Novemba iliyopita nilialikwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni mkazi wa El Paso kwa miaka mingi, twende kuwinda katika ranchi ya rafiki yake iliyo nje ya mji mdogo wa Marfa, magharibi kabisa mwa jimbo la Texas. Ni mwendo wa gari wa takriban saa tatu kutoka El Paso. Mji huo uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Arusha asingeshangazwa na ubaridi wa alfajiri yake, lakini mvua ya mwaka mzima haifiki nusu ya ile tunayoipata hapa Dar es Salaam. Hilo unaliona mara tu jua linapochomoza: nyasi kavu za rangi ya ngozi ya simba, vichaka vya kimo cha kiuno vilivyokaa mbalimbali kama watu waliogombana, makorongo yasiyo na tone la maji, na vilima vya miamba. Gari likija, unaliona vumbi lake robo saa kabla halijafika.

Mnyama mwenyewe nitamwita kulungu, kwa sababu ndivyo tafsiri zilivyotuzoesha, ingawa kulungu wetu ni mnyama mwingine kabisa. Huyu wa kule jina lake la Kiingereza, mule deer, limetokana na masikio makubwa kama ya nyumbu, na hapa ninamaanisha nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si yule anayevuka Mto Mara. Dume mkubwa hufikia kilo 80 au 90, ana kiraka cheupe makalioni na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi, na akishtuka hatimki mbio bali hudunda kwa miguu yote minne kwa pamoja. Pembe zake hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuota upya, jambo ambalo hakuna swala wala mbawala wetu analolifanya.

Siku ya kwanza niliwinda kama ninavyowinda Rufiji. Niliingia kwenye korongo kabla hakujapambazuka, nikafuata nyayo taratibu, nikisimama kila baada ya hatua kumi kusikiliza. Kwenye miombo utaratibu huo humfikisha mtu mita 60 au 80 kutoka kwa mnyama kabla ya kugunduliwa, na bunduki nyingi za kwetu hazijawahi kupigwa mbali zaidi ya hapo. Hadi kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimewaona kulungu wanne, wote makalio, wote mbali kiasi kwamba nilihitaji darubini ili nithibitishe kuwa si mbuzi. Mzee mwenye ranchi, ambaye amevuka miaka 70 na hapendi maneno mengi, alikuwa amekaa juu ya kilima muda wote akinitazama. Niliporudi kwenye pikapu aliniambia jambo moja tu: nimewaonyesha kulungu wote wa upande ule jinsi ninavyotembea.

Siku ya pili tulipanda kilimani gizani na tukakaa kitako, migongo yetu ikiwa mashariki ili jua likitoka limulike mteremko wa mbele na kumpiga usoni yeyote atakayetazama upande wetu. Darubini tuliifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa sababu darubini inayotetemeka mkononi huona kila kitu ila mnyama. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye nchi ya wazi humtafuti kulungu mzima. Unatafuta mstari wa mlalo mahali ambapo kila kitu kimesimama wima, au sikio, au kile kiraka cheupe. Kulikuwa na kichaka kimoja cha miiba, kivuli chake hakizidi ukubwa wa mwavuli, ambacho nilikipitisha machoni mara tatu nikakihesabu kuwa kitupu. Mara ya nne tawi moja liligeuka, likapunga nzi, na likawa sikio. Chini yake alikuwa amelala dume mwenye pembe za matawi manne kila upande, na ninakiri kwamba nilijisikia kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi.

Nilimwendea dume huyo nikampoteza, na aliyenikosesha ni upepo. Kwenye vilima vikavu, hewa ya alfajiri ikiwa bado baridi huteremka kufuata mteremko, na jua likikolea hugeuka na kupanda. Mimi nilianza kumnyatia kutoka chini wakati hewa inateremka kunijia usoni, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Ilipofika kama saa tatu na nusu, nikiwa nimebakiza kipande cha kutambaa tu, nilitikisa kimfuko changu cha majivu kama tunavyofanya kwetu, nikayaona majivu yanasita, yanazunguka, kisha yanapanda polepole kuelekea kule aliko. Sikuhitaji kuinua kichwa. Niliusikia udundaji wake kwenye mawe.

Umbali ndio ulionitia aibu zaidi. Hewa ile ni kavu na safi, hakuna miti ya kati ya kupimia kwa jicho, na kila kitu huonekana kiko karibu. Dume niliyemkadiria kwa uhakika kuwa yuko mita 150 alipopimwa kwa kifaa cha kupima umbali kwa mwanga alitoa 310. Juu ya hapo kifaa kilikuwa kinasoma yadi, na jedwali langu la kushuka kwa risasi nililiandika kwa mita nikiwa sebuleni kwangu Upanga. Namshukuru Mungu kwamba kosa hilo lilijitokeza kwenye sahani ya chuma tuliyoiweka kwa mazoezi, si kwa mnyama: kifaa kilisema 400, nikalenga kwa mita 400, na risasi tatu mfululizo zikapita juu na kutimua vumbi nyuma yake, kwa sababu yadi 400 ni mita 366 tu. Ile bunduki ya kuazima, ya risasi za .30-06, ilikuwa imerekebishwa ipige katikati kwa yadi 200. Kwa yadi 300 inashuka zaidi ya sentimita 20, na upepo wa wastani unaopita ubavuni huisogeza sentimita 15 au zaidi. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa takriban sentimita 25. Jumlisha mwenyewe. Nilijiwekea mpaka wa yadi 250 na sikuuvuka.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa mazigazi hufanya kila jiwe licheze, na kulungu wenyewe wamelala kwenye kivuli cha upande wa kaskazini wa vilima au chini ya kingo za makorongo. Mzee alilala usingizi saa hizo, nami nikamwiga.

Kuhusu ardhi, tahadhari na mmea mmoja mfupi wenye majani magumu yaliyosimama kama visu, ambao hutoboa buti za kitambaa na hata tairi. Unaitwa lechuguilla, na ni ndugu wa damu wa mkonge wetu. Kumbukeni kwamba hata mkonge wa Tanga asili yake ni Mexico, na uliletwa kwetu mwaka 1893. Mipungate iko kila mahali pia. Kutambaa kwa magoti bila pedi za ngozi ni kujitafutia kibano na jioni ndefu ya kung'oa miiba.

Sasa sheria, kwa sababu najua mtaniuliza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni hukatwa kwanza, bunduki huguswa baadaye, hata kama ni ya shemeji na mko uani kwake. Nililipa dola 315 za leseni ya asiye mkazi. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa awe amepita mafunzo ya uwindaji; mimi ni wa 1974, hivyo nililipia ahirisho la mara moja, ambalo humruhusu mtu kuwinda akiwa ameongozana na mwenye leseni anayekidhi sharti hilo.

Wanyama wa kule ni mali ya wananchi wa jimbo, kama ambavyo kwetu, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ardhi, hata hivyo, karibu yote ni ya watu binafsi. Mstari wa rangi ya zambarau kwenye nguzo au mti ni tangazo halali la kukataza kuingia tangu mwaka 1997, na mnyama uliyemjeruhi akivuka waya, huna haki ya kumfuata bila ridhaa ya jirani. Ndiyo maana siku ya tatu nilimwacha dume aliyesimama vizuri kabisa, ubavu wazi, hatua hamsini kutoka kwenye uzio. Shemeji alilalamika hadi usiku. Mzee hakusema kitu, lakini kesho yake alinipa mimi kiti cha mbele.

Siku ya nne jioni, majike matatu yalitoka kwenye korongo na dume akafuata, shingo imevimba, pua iko chini, kwa kuwa mwishoni mwa Novemba ndipo msimu wao wa kupandana unapoanza kukolea. Nililala kifudifudi, mtutu juu ya begi. Kifaa kilisema yadi 228. Nilisubiri jike lililokuwa nyuma yake lipite, kisha nikafyatua. Alikwenda kama hatua arobaini, akakaa chini kama mtu aliyechoka. Kabla ya kumgusa kwa kisu cha kuchuna, sheria inataka ukate lebo kutoka kwenye leseni na kutoboa mwezi na tarehe. Vidole vyangu vilitetemeka mno, shemeji ndiye aliyenishikia tochi na karatasi.

MwalimuKigamboni ameandika:

Ndugu MsasiWaUpanga, ahsante kwa andiko lililonyooka. Nina hoja ya lugha. Kiswahili kina neno ayala kwa mnyama huyu, na wasomaji wa Zaburi ya 42 wanalifahamu vizuri, kwani ndiye anayetamani mito ya maji. Kwa nini tuendelee kumwazima kulungu, ambaye kwa watu wengi ndiye pongo au mbawala, mwenye pembe zisizodondoka, mkaaji wa vichaka vizito, asiyeonekana kabisa kwenye tambarare?

MsasiWaUpanga ameandika:

Mwalimu, hoja yako ina nguvu na sina pingamizi nayo. Niliogopa tu kwamba nikiandika ayala kwenye kichwa cha uzi, nusu ya wajumbe wangedhani nimeanzisha mahubiri.

AskariMstaafu ameandika:

Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa Simanjiro na Longido, na nimestaafia hapa Tegeta. Kijana, umeandika vizuri, ila nina masahihisho mawili.

La kwanza, kosa lako la siku ya kwanza halikuwa kutembea. Kosa lilikuwa kutembea mahali ambapo mwili wako unachorwa angani, na kusimama kila hatua kumi kama mwizi. Swala granti na choroa wa tambarare zetu humwona mtu kutoka mbali sana, na huwezi kujificha, kwa hiyo usijaribu kujificha. Wachungaji wa Kimaasai hupita karibu nao kila siku na hawakimbiwi, kwa sababu hupita kwa pembe, mwendo ule ule, bila kuwakazia macho. Anayenyata ndiye anayekimbiwa. Mnyama hafahamu bunduki, lakini anafahamu nia.

La pili, umeandika kana kwamba nyayo hazina kazi kwenye nchi kavu. Nchi kavu ndiyo mahali pa kusoma nyayo kwa faida, maana maji ni machache na kila mnyama lazima atie sahihi yake pale. Kabla ya kukaa kilimani na darubini, mtu angekwenda majini adhuhuri, wakati hakuna mnyama wa kumshtua, akaangalia nani amekunywa na ametokea upande gani. Umekaa siku nne, ungekaa mbili.

MsasiWaUpanga ameandika:

Mzee wangu, shikamoo. La kwanza nalipokea mikono miwili, na nitalijaribu. La pili umenishika kwa jambo ambalo sikuliandika. Adhuhuri ya siku ya tatu, shemeji akiwa amenuna, mzee alinipeleka kwenye birika la ng'ombe linalojazwa na kinu cha upepo. Matope yaliyozunguka birika yalikuwa na upana wa mkeka mmoja tu, na juu ya alama za ng'ombe kulikuwa na kwato ndogo zenye ncha, kingo zake bado kali, zikielekea kwenye lile korongo ambalo dume alitokea kesho yake. Kilima cha siku ya nne tulikichagua kwa sababu ya matope yale. Nilimpa sifa mzee na darubini yake nikasahau kwato, na huo si uungwana.

AskariMstaafu ameandika:

Marahaba. Basi tumekubaliana. Nyongeza kwa vijana wanaosoma: wanyama wa tambarare huogopa gari kidogo kuliko mtu, na wengi hushawishika kutumia mwanya huo. Kwa sheria yetu kumpiga mnyama kutoka kwenye gari ni kosa, na nimewafikisha watu mahakamani kwa hilo.

MtotoWaGerezani ameandika:

Asalaam aleikum. Mkuu, hukueleza suala la kuchinja. Kwetu ukienda porini unakwenda na mchinjaji. Hatua arobaini, halafu kwenda kumfikia yadi 228 kwenye miiba, ulimkuta hai?

MsasiWaUpanga ameandika:

Waaleikum salaam. Nilipiga bismillah kabla ya kufyatua, kama nilivyofundishwa na marehemu baba, na kisu kilikuwa kiunoni kwa sababu ukimkuta bado ana uhai ni lazima umchinje. Nilimkuta amekwishakata roho, risasi imepita kwenye mapafu yote mawili. Kwa jinsi nilivyofundishwa, huyo ni halali. Shemeji aliniuliza swali hilohilo kabla hajakubali kubeba mguu wa nyuma. Nyama yote ilibaki kwake. Baridi ya usiku ule ilitosha kuitunza ikiwa imetundikwa kwenye boriti za banda hadi asubuhi, kitu ambacho mtu wa Rufiji hawezi hata kukiota.

DerevaWaMbezi ameandika:

Mimi ninatarajia kwenda upande huohuo mwaka huu, kwa mwaliko kama wako. Je, nibebe bunduki yangu kutoka hapa? Na vitu gani vidogo ulivyojutia kutobeba?

MsasiWaUpanga ameandika:

Bunduki azima huko huko. Kuingiza ya kwako kunahitaji kibali cha Marekani kilichoombwa mapema, mbali na taratibu za hapa kwetu za kuitoa nchini, na kwa safari ya wiki moja usumbufu huo haulipi. Tumia siku nzima ya kwanza kupiga shabaha kwa bunduki utakayopewa, ukiwa umelala na ukiwa umekaa, maana ukisimama kwenye upepo ule hutapiga hata nyumba.

Beba pedi za magoti, buti za ngozi zilizokwisha kuzoea mguu, sweta zito la alfajiri na kofia pana ya mchana. Midomo itapasuka kwa ukavu, kwa hiyo chukua mafuta. Darubini nzuri ni bora kuliko bunduki nzuri. Kifaa cha kupima umbali kigeuze kisome mita kabla hujatoka nyumbani, au uandike jedwali lako kwa yadi, mojawapo.

Majivu usibebe kutoka Dar. Mimi niliyachota kwenye jiko la kuchomea nyama la mzee, nikayapepeta kwa kitambaa cha shati la zamani, kwa sababu sikuthubutu kupita uwanja wa ndege nikiwa na kimfuko cha unga wa kijivu mfukoni.